Saladi inayojaa maji na supu chapwa: naomba mwongozo kwa milo ya kila siku na karamu ya watu 20

Muulizaji

Habari zenu, wapenzi wa mapishi.

Naomba msaada katika jambo ambalo kwa nje linaonekana dogo, lakini limenisumbua kwa muda mrefu. Chakula kikuu nakipika bila wasiwasi, ila vile vinavyotangulia chakula au kuandamana nacho, yaani saladi, supu na vitafunio vidogo vya kuanzia, hunishinda. Saladi yangu ya kabichi na karoti ikikaa nusu saa tu, chini ya bakuli kunakuwa na kidimbwi cha maji, na sosi niliyoichanganya kwa uangalifu inakuwa imeoshwa yote. Supu ya mboga huiva vizuri, lakini huwa chapwa, na nikiongeza chumvi inabaki chapwa ileile, sasa ikiwa na chumvi. Vipande vya mkate ninavyopanga nyanya juu yake hufika mezani vimelowa na kulegea kiasi kwamba mtu akikinyanyua kimoja, nusu yake hubaki kwenye sinia.

Mwezi ujao nitapokea wageni 20, na ningependa wapate supu, saladi na vitafunio viwili au vitatu kabla ya chakula chenyewe. Sina oveni. Nina jiko lenye sehemu mbili za moto, sufuria moja kubwa, kaango zito, blenda na jokofu la kawaida. Nisingependa kuwa jikoni wakati wageni wameketi, kwa hiyo naomba mniambie pia ni mambo gani yanaweza kufanywa siku iliyotangulia bila kuharibika. Mapishi yawe mepesi, ya kuweza kurudiwa hata siku ya kazi jioni, maana sitaki kujifunza kitu cha siku moja tu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu muulizaji, nimeyasoma maelezo yako mara mbili, na naona kwamba shida zako tatu zina mzizi mmoja, nao ni maji. Katika saladi, maji yametoka mahali yalipotakiwa kubaki. Katika supu, maji yamebaki kuwa maji tu. Na katika mkate, maji ya nyanya yamehamia kwenye mkate. Mimi nitasema juu ya saladi, kwa kuwa ndiyo ninayoitengeneza karibu kila siku, na wenzangu watakamilisha.

Tango ni maji kwa zaidi ya sehemu 90 katika 100, na kabichi haiko mbali sana na hapo. Chumvi inapogusa mboga iliyokatwa, huyavuta maji yaliyo ndani na kuyatoa nje, na kazi hiyo haina haraka: huendelea kwa nusu saa na zaidi. Kwa hiyo saladi ya kabichi iliyotiwa chumvi na sosi mapema lazima itoe maji, hata kama mboga zilikaushwa vizuri namna gani. Lililo mikononi mwako ni kuchagua wakati wa kuyatoa. Mimi huyatoa kabla. Kabichi ya kilo 1 ikishakatwa nyembamba, naipaka vijiko 2 vya chai vya chumvi, naifikicha kidogo kwa mikono, naiacha kwenye chujio kwa dakika 30, kisha naisuuza haraka, naikamua kwa nguvu ndani ya kitambaa safi na ndipo naitia sosi. Kabichi iliyopita njia hiyo hukaa kwenye jokofu mpaka kesho yake ikiwa bado inatafunika, na ladha yake huzidi kukolea. Tango hupita njia hiyohiyo, isipokuwa kwanza nalipasua katikati kwa urefu na kukwangua mbegu kwa kijiko, kwa sababu sehemu ya mbegu ndiyo yenye maji mengi kuliko yote.

Majani laini kama letusi yanataka kinyume chake. Hayo hayavumilii chumvi wala uchachu hata kwa robo saa. Hunyauka na kulala. Yaoshe, yakaushe kabisa, yafunge ndani ya kitambaa kikavu na uyaweke kwenye jokofu, kisha uyatie sosi wakati watu wanasogea mezani. Neno "kabisa" nalisisitiza, kwa sababu mafuta na maji havipatani, na jani lenye maji haliwezi kushika sosi. Yote huteremka chini ya bakuli. Nimeona watu wakilaumu sosi kwa miaka mingi, kumbe kosa lilikuwa la majani yaliyotoka kuoshwa.

Kuhusu sosi yenyewe, vitabu vingi husema mafuta sehemu 3 kwa siki au maji ya limau sehemu 1. Mimi naona uwiano huo unafaa majani laini, lakini kwa kabichi, viazi na maharage ni mzito mno, na hupendelea 2 kwa 1. Tia vyote kwenye chupa yenye mfuniko, ongeza chumvi, pilipili manga, na kijiko kimoja cha chai cha haradali ya kupaka, kisha utikise kwa nguvu. Haradali haipo kwa ajili ya ladha peke yake. Ndiyo inayoyashikamanisha mafuta na siki yasiachane upesi. Chumvi itangulie kwenye siki kabla ya mafuta, kwa kuwa haiyeyuki katika mafuta. Chupa moja ya sosi ikiwa kwenye jokofu, saladi ya jioni ni kazi ya dakika 10.

Kitunguu maji kibichi kikiwa kikali, kikate nyembamba na ukiloweke kwenye maji baridi kwa dakika 10 kisha ukichuje. Ukali mwingi huondoka na maji. Parachichi na tufaha hugeuka rangi kwa sababu ya hewa, kwa hiyo vipakwe maji ya limau mara baada ya kukatwa, na hata hivyo viingie mwishoni.

Kwa karamu yako ningechagua saladi ya viazi kuliko saladi ya majani, kwa kuwa inangojea. Viazi vikatwe vipande vilivyo sawa na vianzwe kwenye maji baridi yenye chumvi, si maji yanayochemka, ili nje na ndani viive pamoja. Vikishachujwa, vikiwa bado vinatoa mvuke, vinyunyizie siki peke yake, vijiko vikubwa 3 kwa kila kilo 1, na uviache vinywe. Kiazi cha moto hufyonza ladha mpaka ndani, ilhali kiazi kilichopoa hupakwa ladha juu tu. Mafuta, haradali, kitunguu na majani ya kotimiri vifuate kikishapoa. Kwa watu 20 wenye chakula kingine mbele yao, kilo 2 za saladi zitatosha.

Mchangiaji wa pili

Nimefurahi kuona mwenzangu ameanza na maji, maana supu nayo ni namna ya kuyafanya maji yabebe ladha. Supu chapwa kwa kawaida ni ile ambayo mboga zote zilitumbukizwa kwenye maji mara moja na kuchemshwa pamoja. Mboga ikichemshwa haizidi nyuzi 100 za Selsiasi, na katika joto hilo haigeuki rangi ya hudhurungi kamwe. Harufu ile nzito ya kitunguu kilichokaangwa, ya ganda la mkate au ya nyama iliyoshikwa na moto, hutokana na mabadiliko ambayo mkemia wa Ufaransa, Louis Camille Maillard, aliyaeleza mwaka 1912, nayo huenda kwa kasi pale joto linapofika kama nyuzi 140. Kiazi au boga lenye maji juu yake halifiki huko mpaka maji hayo yakauke. Ndiyo sababu hatua ya kwanza ya supu nzuri hufanyika bila maji.

Chukua kitunguu maji, karoti, na seleri ukiipata, vikate vidogovidogo na uvikaange kwa mafuta na chumvi kidogo katika moto mdogo kwa dakika 12 hadi 15. Usikimbilie. Mwanzoni vitatoa maji yake, yatakauka, ndipo vitaanza kunukia utamu. Kisha tia kijiko kikubwa kimoja cha nyanya ya kopo, ikaange nayo mpaka rangi yake ya damu igeuke kuwa ya matofali na mafuta yaanze kujitenga, halafu vitunguu saumu na bizari kwa dakika moja tu, kwa sababu hivi huungua upesi na kuleta uchungu. Ukifika hapo, hata maji matupu ya bomba yatakupa supu yenye ladha.

Supu ninayokupendekeza kwa siku za kazi ni ya adesi nyekundu. Hazihitaji kulowekwa, huiva kwa dakika 20 hadi 25, na huvurugika zenyewe zikaifanya supu kuwa nzito bila unga wala krimu. Kwa watu 5, gramu 250 za adesi na lita 1 na nusu ya maji hutosha. Bizari nyembamba na tangawizi huzifaa sana.

Kwa karamu, ningekwenda na supu ya boga. Kukosa oveni hakuzuii chochote. Kata kilo 3 za boga lililomenywa katika vipande vya ukubwa wa kiberiti, uvitandaze kwenye kaango zito lenye mafuta ya moto, kwa mafungu, bila kuvirundika, na uviache bila kugeuzageuza mpaka upande mmoja uwe na rangi ya hudhurungi. Ukivirundika, vitachemka katika mvuke wake mwenyewe na utakuwa umerudi palepale. Hamishia vipande hivyo kwenye sufuria yenye vitunguu vilivyolainika, tia maji yavifikie tu, pika dakika 20, kisha usage. Angalizo moja la muhimu: supu ya moto ndani ya blenda hutoa mvuke mwingi unaoweza kuurusha mfuniko na kuunguza uso na mikono. Iache ipoe kidogo, usijaze zaidi ya nusu ya chombo, legeza kizibo cha katikati na ufunike kwa kitambaa. Nililipata funzo hilo kwa kuungua kiganja, na sipendi mwingine alipate kwa njia hiyo. Kwa watu 20, mililita 200 kwa kila mmoja ni lita 4. Zaidi ya hapo wageni watashiba kabla ya chakula.

Jambo la mwisho, na ndilo linaloponya supu nyingi: uchachu. Supu ikiwa imefika mwisho nawe unahisi inapungukiwa na kitu usichokijua, usiikimbilie chumvi. Mimina kijiko kimoja cha maji ya limau au siki kwenye bakuli dogo la supu hiyo, uonje, ulinganishe na ile ya sufuriani. Mara nyingi jibu liko hapo. Limau hutiwa moto ukishazimwa, kwa sababu harufu yake hupotea ikichemka.

Muulizaji

Nawashukuru sana, na nakiri kwamba sijawahi kukaanga karoti kwa dakika 15. Zangu huenda moja kwa moja majini. Nina maswali mawili. Kwanza, kuna wageni wanne wasiokula nyama. Je, supu isiyo na mifupa inaweza kuwa na uzito ule wa supu ya mifupa? Pili, niliambiwa kwamba supu ikizidi chumvi, kiazi kizima kikitumbukizwa huinyonya. Nimejaribu mara mbili na sikuona tofauti, nikadhani nakosea.

Mchangiaji wa pili

Hukukosea. Kiazi hunyonya maji yenye chumvi kama kilivyo, chumvi pamoja na maji yake, na supu inayobaki huwa na chumvi ileile. Dawa ni kuongeza maji au mboga zisizo na chumvi, na kisha kusawazisha ladha kwa limau. Bora zaidi ni kutia chumvi kidogokidogo katika kila hatua na kuonja, ukikumbuka kwamba supu inayoendelea kupungua motoni inazidi chumvi bila wewe kuongeza hata chembe.

Kuhusu uzito wa ladha bila mifupa, inawezekana kabisa. Mwaka 1908 mkemia wa Japani, Kikunae Ikeda, alitambua kwamba ladha nzito ya mchuzi wa mwani wa kombu inatokana na glutamati, na kitu hichohicho kimo kwa wingi katika nyanya zilizoiva, uyoga na jibini iliyokaa muda mrefu. Ukiloweka kiganja kimoja cha uyoga mkavu katika maji ya moto kwa dakika 20 na kuyamimina maji hayo kwenye supu (uyachuje, maana huwa na mchanga), utashangaa. Nyanya ya kopo niliyoitaja hapo juu hufanya kazi hiyohiyo.

Mifupa ina sifa moja ambayo mboga haina: ikitokota kwa muda mrefu hutoa ule ute unaoshika midomo. Adesi, au kiazi kimoja kilichosagwa ndani ya supu, hukupa kitu kinachoukaribia. Siku ukitaka supu ya mifupa kweli, ianze na maji baridi, engua povu linapopanda, na usiache ichemke kwa fujo, kwa sababu mafuta na uchafu vitavurugika humo humo na supu haitakuwa angavu. Mifupa ya kuku hutosheka na saa 2 hadi 3.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kutofautiana kidogo na mchangiaji wa kwanza kabla sijafika kwenye vitafunio. Kwa karamu, kukamua kabichi ni sahihi. Kwa mlo wa kila siku unaoliwa mara tu ukiiva, naona ni kazi isiyo ya lazima, tena inaondoa ule ubichi unaofanya saladi ipendeze kando ya chakula kizito. Mimi hukata kabichi na kukuna karoti dakika ya mwisho, nikamulia limau, chumvi na mafuta, na inaliwa ndani ya dakika 10 kabla maji hayajapata nafasi ya kutoka. Njia zote mbili ni sawa, ila kila moja ina saa yake.

Sasa vitafunio. Kwa wageni ambao watakula chakula kamili baadaye, hesabu vipande 4 hadi 6 kwa kila mtu, yaani kama 100 kwa wageni wako wote. Kama vitafunio ndivyo chakula, mara mbili ya hapo. Chagua aina tatu tu, na kati ya hizo usiwe na zaidi ya moja inayohitaji moto wakati wageni wamefika. Hapa ndipo wengi hujichosha: hupanga aina saba, kisha huikosa karamu yao wenyewe.

Cha kwanza ningechagua rojo la dengu. Majina ya jamii hii ya kunde hutuchanganya, kwa hiyo niseme wazi kwamba namaanisha zile punje kubwa za mviringo zenye kincha kidogo, si adesi wala choroko. Loweka gramu 500 kwa usiku mzima, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya yenye nusu kijiko cha chai cha magadi ya kuokea, mpaka punje ipondeke kati ya vidole viwili bila kukaza. Punje inayokaza itakupa rojo lenye chengachenga, hata blenda yako iwe na nguvu namna gani. Saga pamoja na ufuta uliosagwa, limau, kitunguu saumu na maji baridi ya barafu kidogo kidogo. Rojo litakuwa jeupe na laini. Hili hutengenezwa siku moja kabla, na wageni wako wanne wasiokula nyama watalifurahia. Liandamane na vijiti vya karoti, tango na pilipili hoho.

Cha pili, mayai ya kujaza. Mayai 20 hukupa vipande 40. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka tayari, yapike dakika 11, na uyahamishie mara moja kwenye maji baridi sana. Ile duara ya kijani inayozunguka kiini hutokea yai linapopikwa kupita kiasi, madini ya chuma ya kiini yanapokutana na salfa ya ute. Halina madhara, lakini halipendezi machoni. Tumia mayai yaliyokaa kwa wiki moja au zaidi, kwa sababu yai la leo hung'ang'ania ganda na kumenyeka vibaya. Viini viponde na haradali, mtindi mzito, chumvi na kitunguu kilichokatwa kidogo sana.

Cha tatu, ule mkate wako. Kata vipande vyembamba, vipake mafuta pande zote mbili na uvikaushe kwenye kaango kwa moto mdogo mpaka viwe vikavu hadi katikati, kwa maana mkate uliogeuka rangi nje huku ndani ni laini utalowa tu. Vikiwa bado vya moto, visugue kwa punje ya kitunguu saumu. Nyanya zikate, zitie chumvi na uzichuje kwa dakika 15. Maji yanayochuruzika usiyamwage, yana ladha tamu na yanaingia kwenye sosi ya saladi. Kati ya mkate na nyanya paka kitu chenye mafuta, kama jibini laini au mtindi uliochujwa, kiwe ukuta. Hata hivyo usipange juu ya mkate mapema. Weka mkate kwenye sinia, nyanya kwenye bakuli, na umwombe kijana mmoja wa nyumbani apange dakika 10 kabla. Kuna wageni wanaopenda kujipangia wenyewe, na hilo pia ni zuri.

Huo mtindi uliochujwa ni hazina ya jikoni. Mimina lita 1 ya mtindi mzito kwenye kitambaa safi juu ya chujio, uweke ndani ya jokofu usiku kucha, na asubuhi utakuta karibu nusu imebaki, nene kama jibini laini. Chumvi, mafuta na nanaa iliyokatwa vikiingia humo, umepata kitafunio kingine bila kuwasha jiko.

Mchangiaji wa nne

Maelezo yote hapo juu ni mazuri, nami nataka kuongeza upande wa usalama, kwa sababu chakula cha watu 20 kinachoandaliwa jana kinabeba dhamana kubwa kuliko chakula cha watu watano kinacholiwa papo hapo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 kanuni 5 za chakula salama, na moja kati yake, ile ya kuweka chakula kwenye joto salama, inakuhusu moja kwa moja: chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2, na chakula cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5 ilhali cha moto kibaki juu ya nyuzi 60. Lita 4 za supu ndani ya sufuria moja hupoa polepole mno; ukiifunika na kuiacha mezani usiku, katikati yake itabaki vuguvugu kwa saa nyingi, na hapo ndipo vijidudu huzaliana. Igawe katika vyombo vipana visivyo na kina, viweke ndani ya maji baridi mpaka mvuke ukome, kisha viingie kwenye jokofu. Kesho yake ichemshe mpaka itokote kweli, usiipashe tu moto. Supu iliyobaki itumike ndani ya siku 3 au 4.

Mayai ya kujaza yatolewe kwenye jokofu kwa mafungu mawili: nusu mwanzoni, nusu baadaye. Ubao na kisu kilichokata nyama mbichi visikaribie mboga za saladi, kwa kuwa saladi haina moto wa kuisafisha baadaye. Ukipenda kutia maharage mekundu makavu kwenye saladi, yaloweke kwa saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, na uyachemshe kwa nguvu kwa dakika 30 kabla ya kupunguza moto. Yakiwa mabichi, au yakipikwa kwa moto mdogo usiofikia kuchemka, huwa na sumu inayosababisha kutapika vibaya. Ya kopo yamekwisha kupikwa, hayana shida hiyo.

Na kwa mchangiaji wa kwanza, kwa heshima: ile chupa ya sosi inayokaa kwenye jokofu, je, ina kitunguu saumu kibichi? Kitunguu saumu ndani ya mafuta kikiachwa kwenye joto la kawaida kinaweza kukuza bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu kali, bila harufu wala dalili ya kuharibika. Hata ndani ya jokofu, mchanganyiko huo usizidi siku 4.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante kwa kulitaja. Nilipaswa kulisema mwenyewe. Chupa yangu haina kitunguu saumu. Hukiponda na kukitia kwenye bakuli siku ileile, na ndivyo ninavyomshauri muulizaji. Na kuhusu kabichi ya kuliwa papo hapo, nakubaliana na mchangiaji wa tatu.

Muulizaji

Nimerudi na taarifa. Jumamosi nilifanya jaribio kwa watu wa nyumbani. Kabichi iliyokamuliwa ilikaa kutoka saa nne asubuhi mpaka jioni, na nilipoinamisha bakuli, maji yaliyotoka hayakujaza hata kijiko kimoja. Mkate ulibaki mkavu kwa dakika 25, nikauhesabu kwa saa. Supu ya boga nilikosea mara ya kwanza kwa kurundika vipande kwenye kaango; fungu la pili nililitandaza na harufu ilibadilika waziwazi. Nilipotia limau mwishoni, mama mkwe aliomba bakuli la pili, jambo ambalo supu yangu haijawahi kulipata.

Limebaki swali moja. Jokofu langu litajaa mayai, rojo na saladi siku hiyo. Je, supu ya boga naweza kuigandisha wiki moja kabla, na mtindi ninaopenda kuutia kwenye supu hiyo niwe nimeshauchanganya?

Mchangiaji wa pili

Igandishe bila mtindi. Maziwa na mtindi vikigandishwa kisha kuyeyushwa hujitenga, na ukichemsha hukatika kabisa. Igandishe supu tupu, iwe nzito kuliko utakavyoitaka, katika vyombo vya lita 1 vilivyoachwa nafasi ya vidole viwili juu kwa sababu hutanuka. Ihamishie sehemu ya kawaida ya jokofu usiku wa kuamkia siku yenyewe, itakuwa imeyeyuka kwa kiasi kikubwa asubuhi, kisha uichemshe, uongeze maji ya moto mpaka ifikie uzito unaoupenda, na uonje chumvi upya, kwa maana baridi huifanya ladha ipoe. Limau liingie hapo, moto ukishazimwa. Mtindi usiingie sufuriani kabisa. Weka kijiko kimoja juu ya kila bakuli wakati wa kupakua.